Mdogo wangu anaenda shule ya parachuti ya jeshi la Marekani, mama hali halali. Hatari yake hasa iko wapi?

Bint_Pongwe

Habarini wanajamvi. Wenye uelewa nisaidieni maana nyumbani hapakaliki. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo ila tumelelewa nyumba moja, alipata grinikadi akaenda Marekani na hakukaa sana akajiunga na jeshi lao. Hilo tulishalimeza. Sasa juzi kapiga simu ana furaha utadhani kapata mchumba, anasema kapangiwa shule inaitwa Airborne, iko Fort Benning jimbo la Georgia, akimaliza anapelekwa kikosi cha miavuli.

Tangu siku hiyo mama presha iko juu, anaamka usiku anauliza "na lile dude likigoma kufunguka je?" Mimi sina jibu. Jirani yetu mmoja ndo kamalizia kabisa, eti kila kozi lazima wafe wawili watatu. Naomba kujua ukweli kwa aliyepitia. Ni kweli watu wanakufa hivyo? Na akifika kule akaogopa anaweza kukataa au ndo wanamsukuma?

Ngosha_Mpole

Huyo jirani mwambieni apunguze chumvi. Jeshi gani litakubali kupoteza watu kila kozi, si litaishiwa. Ila mwamvuli ukigoma dada yangu hapo ni sala tu, siwezi kukuficha.

Kobe_wa_Georgia

Kwanza shikamoo kwa mama. Mimi nimepita hiyo shule nikakaa kikosi cha miavuli miaka kadhaa, sa hivi niko uraiani naendesha lori, kwa hiyo nakwambia ninachokijua. Samahani itakuwa ndefu.

Kila mtu akisikia parachuti anawaza kitu kimoja tu, haikufunguka jamaa kaja chini. Inatokea, siwezi kudanganya, ila kwa askari wa miavuli hicho ni kitu cha mwisho kwenye orodha. Kinachowaumiza watu kila mwezi ni ARDHI. Ardhi, upepo, mzigo na wenzako mlioruka nao. Mama aelewe hilo kwanza.

Dogo hatavuta chochote angani. Kuna kamba ya njano, mwisho mmoja unaingia kwenye mwamvuli mgongoni na mwisho mwingine ana-hook mwenyewe kwenye waya wa chuma uliopita ndani ya ndege juu ya vichwa vyao. Akitoka mlangoni ile kamba inabaki na ndege, inavuta mwamvuli unatoka. Yeye kazi yake ni kubana kidevu kifuani, kubana viwiko, miguu na magoti pamoja, na kuhesabu kwa sauti "elfu moja, elfu mbili" mpaka elfu sita, yaani kama sekunde sita. Kwa miavuli ya zamani ile T-10 ilikuwa mnahesabu mpaka elfu nne, hii ya sasa T-11 inafunguka taratibu zaidi ndo maana wameongeza. Akimaliza kuhesabu hajahisi kuvutwa, anachomoa wa akiba uliopo tumboni. Kwenye mafunzo wanaruka futi 1,250, kama mita 380, na usiposhikwa na kitu chochote unafika chini ndani ya sekunde 10 hivi, kwa hiyo hakuna muda wa kufikiria, ndo maana ile kuhesabu wanakukaririsha mpaka unaota.

Na huo mwamvuli haufungi mtu wa mtaani. Kuna askari kazi yao ni hiyo tu, kukunja na kukagua, na wao wenyewe ni warukaji. Utaratibu ni kwamba mfungaji lazima awe tayari kuruka na mwamvuli wowote alioukunja yeye, muda wowote akiambiwa. Hapo unadhani atakunja ovyo? Afu kabla ya kupanda ndege jampumasta, yule askari anayesimamia kuruka, anakupitia mwili mzima kwa mikono, kila kifungo, kuanzia helmeti mpaka mikanda ya mapaja. Mimi mikono ya wale watu niliiamini kuliko daktari.

Sasa tuje kwenye ardhi. T-11 inakushusha kama mita 6 kwa sekunde. Piga hesabu, hiyo ni sawa na kuruka toka juu ya ukuta wa karibu mita 2, tena usiku huoni chini, tena umebeba mwamvuli, silaha na begi ambalo likipangwa vizuri linapita kilo 40. Hautui kwa miguu miwili ukasimama kama wale wa kwenye sherehe uwanjani, wale wana miavuli ya mstatili wanaiendesha, wanaifunga breki. Hii ya kwetu haina usukani. Upepo ukikupeleka nyuma unatua kinyumenyume. Kwa hiyo shule nzima ile wiki ya kwanza mnafundishwa KUANGUKA tu. Nyayo, kigimbi, paja, tako, mgongo kwa ubavu, mwili unabiringika mshtuko unagawanyika. Kutwa nzima mnajirusha toka kwenye kijukwaa, kushoto, kulia, mbele, nyuma, jioni unachechemea. Anayeachanisha miguu au anayetazama chini na kuinyooshea mguu ardhi, kifundo kinaenda. Kifundo cha mguu ndo kinaongoza, halafu magoti, mgongo, na kichwa kwa wale wanaoanguka nyayo-tako-kisogo wakaruka yale ya katikati.

Begi nalo lina utaratibu wake. Linaning'inia mbele yako chini ya ule mwamvuli wa akiba, ukikaribia chini kama mita 60 unaliachia linashuka na kamba ya mita 4 na nusu, lenyewe linagonga kwanza wewe unafuata. Sasa kuna mtu anasahau, au ndoano inagoma, anatua na begi limemkaa kwenye mapaja. Huyo msubirini gari la msalaba mwekundu.

Wenzako pia ni hatari. C-130, ile ndege ya jeshi tunayorukia, ina milango miwili pembeni, mnatoka sekunde moja moja, kushoto na kulia wanapishanishwa ili msigongane nyuma ya ndege. Ila ukiharakisha au ukichelewa mnakutana huko. Mtu akiwa juu yako moja kwa moja wewe ndo unakula upepo wake, mwamvuli wake unasinyaa anashuka kwa kasi anakupita, halafu wa kwake unajaa tena yeye yuko chini ndo anakula wa kwako. Na ukijikuta umetua juu ya mwamvuli wa mwenzio unatakiwa ukimbie, ndiyo, ukimbie juu ya kitambaa hukohuko angani mpaka utoke pembeni. Angani kule ni kimya sana baada ya kelele za ndege, kinachosikika ni watu wanatukanana tu, "toka! vuta kushoto wewe!"

Kuhusu kukataa, hiyo shule ni ya kujitolea. Akisema siruki hakuna atakayemsukuma, wanamtoa kwenye kozi anapangiwa kazi nyingine. Aibu ipo ila hafungwi. Wengi wanaotaka kurudi hawarudi mlangoni, wanarudi kwenye mnara wa futi 34, kama mita 10 hivi, maana pale chini unapaona vizuri kabisa na akili inakataa. Ndegeni huna nafasi ya kutafakari, mmepangwa mnasukumana, mikanda inakata mapaja saa nzima, ndege inapita chinichini inayumba, mmoja katapika harufu imejaa, mlango ukifunguliwa unaona ni afadhali utoke.

Bint_Pongwe

@Kobe_wa_Georgia Mungu akubariki, nimemsomea mama yote, ile ya kukunja mwamvuli ndo imemtuliza kidogo. Ila ile ya kukimbia juu ya mwamvuli wa mtu nimeiruka sijamsomea 😅

Sasa kuna kitu kingine. Binamu yetu kaleta klipu kwenye grupu la familia, askari ananing'inia nje ya ndege nyuma ya mlango, kamba haijaachia, anagongagonga bodi la ndege. Mama kaiona. Hiyo ikoje?

Kobe_wa_Georgia

Huyo binamu atolewe kwenye grupu 😂

Hiyo ipo lakini ni nadra. Inatokea kamba ikimnasa mtu au kifaa chake, badala ya kuvuta mwamvuli inamvuta yeye. Jampumasta yuko mlangoni anaangalia kila anayetoka kwa sababu hiyo hiyo. Wanasimamisha wengine, wanamrudisha ndani kwa mashine ya kuvutia. Ikishindikana kabisa na wakiona ana fahamu zake, wanakata kamba, anafungua wa akiba. Ndo maana wanafundishwa mkono ulinde ile hendo ya akiba muda wote, isije ikafunguka wakati bado unaburuzwa na ndege.

Ambayo inatokea zaidi ni kamba kupita chini ya mkono. Mtu kaishika vibaya, kaipitisha kwapani, akitoka ile kamba inakaza inampasua msuli wa mkono wa juu, namaanisha biceps, unakatika. Nilimwona mmoja wa platuni yetu, mkono ulivimba rangi ya zambarau toka kwapa mpaka kiwiko, na katua salama kabisa anatabasamu hajui. Mwambieni dogo kitu kimoja tu, akabidhi kamba kwa jampumasta mlangoni kama alivyofundishwa, asiitupe tupe.

Na kingine ambacho hakiko kwenye klipu, mwamvuli wa akiba kufunguka ndani ya ndege mlango ukiwa wazi. Kile kitambaa kikitoka nje na wewe unakifuata, haijalishi umesimama wapi, hata kama kuna ukuta katikati. Ukiona wa mwenzio umemwagika unarukia juu yake unaukanyaga unaulalia. Hapo hakuna samahani.

mzalendo_wa_kweli

Umesahau ile ya Green Ramp mkuu. Watu wamekufa na parachuti mgongoni bila hata kupanda ndege. Tarehe 23 Machi 1994, Pope Air Force Base jirani na Fort Bragg, ndege ya kivita F-16 na C-130 ziligongana angani zikijiandaa kutua. C-130 ikatua salama, rubani wa F-16 na mwenzake wakajirusha, ile ndege ikaenda kulipuka palepale askari wa miavuli walipokuwa wanajiandaa, mabaki yakapiga ndege ya mizigo C-141 iliyojaa mafuta. Walikufa 24 na zaidi ya 100 waliungua na kuumia. Kwa hiyo hesabu ya hatari sio kuruka peke yake.

Ngosha_Mpole

Wewe nawe, dada wa watu anatafuta la kumtuliza mama unamletea hayo.

mzalendo_wa_kweli

Kauliza ukweli. Asimsomee hiyo.

Mwana_Lualaba

Bonjour bote. Miye niko Lubumbashi lakini familia yetu ni ya Kolwezi, na huko hii habari ya para tunaisikia tangu tukiwa batoto.

Mu 1978 wakati waasi bametoka Angola wakashika muji, kwanza Mobutu alirusha bana-para bake ba Zaire, tarehe 16 mwezi wa tano. Balikuwa kidogo, balipigwa vibaya sana. Halafu tarehe 19 mangaribi ikikaribia njo Wafaransa ba Légion étrangère, kikosi chao cha para 2e REP, bakashuka. Balitoka Calvi kule Corse mbio mbio, parachute zao hazikufika, bakapewa za jeshi la Zaire, zile T-10 za Wamerika. Bale ba légionnaire habakuzoea zile. Mifuko yao ya vitu haikuingia ku ndoano za Wamerika, bakafunga na kamba na waya. Ndege zilijazwa kupita kiasi. Na bakarukia chini sana, kama mita 250, na nyasi ya kule unaijua, inapita mutu urefu, na vichuguu ni vya mawe kabisa. Baba alikuwa kijana, alikuwa anachungulia kwa dirisha, anasema mbingu ilijaa, halafu hukuona tena mutu, bote bamemezwa na nyasi, unasikia filimbi na bunduki tu.

Ile vita yote balikufa légionnaire batano. Ule mruko wenyewe na zile parachute za kuazima uliumiza batu kidogo kuliko vile kila mutu alifikiri. Kwa hiyo @Bint_Pongwe ambia mama, kama bale balishuka na vifaa habajawahi kuvigusa, mutoto anafundishwa wiki tatu na vifaa vyake, itakuwa sawa.

Kobe_wa_Georgia

@Mwana_Lualaba asante sana kaka, hii ndo raha ya jukwaa. Hapo kwenye kimo wasomaji waelewe kitu. Vitani wanashuka chini makusudi, ukikaa angani muda mrefu unatunguliwa kama ndege tausi. Ranja, wale makomando wa jeshi la Marekani, walipoingia Grenada Oktoba 1983 walirukia futi 500, mita 150, kwa sababu mizinga ilikuwa inawangoja uwanja wa Point Salines. Kwa kimo hicho mwamvuli wa akiba hauna kazi, wa kwanza usipofunguka umeshafika. Ukiruka juu ni salama kwa mwamvuli ila hatari kwa risasi, ukiruka chini kinyume chake. Wajerumani nao walipata funzo Krete Mei 1941, miavuli yao ilikuwa imefungwa mgongoni sehemu moja mtu anatua amepiga magoti na mikono, na bunduki nyingi zilishushwa kwenye makasha peke yake, mtu anatua na bastola anaanza kutafuta kasha huku anapigwa. Walikiteka kisiwa ila walikufa wengi mno, Hitler hakutaka tena kusikia habari ya kurusha jeshi zima kwa miavuli.

Wa_Kaloleni_254

Niaje watu. Mimi ntasema ile kitu hakuna mtu amesema. Hatari ya hii kazi haiko siku ya kuruka, iko miaka ishirini baadaye. Uncle yangu alikuwa para huku Kenya enzi za Moi. Hakuwahi vunjika hata kidole. Leo ako na sitini na kitu, ngazi za nyumba anapanda kwa makalio, magoti zote zimeisha na pingili za mgongo chini zimekaliana. Kila kutua ni kagongo kadogo, leo hausikii, kesho hausikii, unajumlisha.

Na huku kwetu shida ilikuwa hakuna rekodi. Kila akiumia alikuwa anapakwa dawa ya kuchua anarudi laini, mambo ya kiume. Sasa alipostaafu akaanza kufuatilia hiyo magoti anaambiwa lete karatasi. Karatasi gani na hakuna aliandika.

So mwambieni huyo kijana, akitua vibaya ata kama ni kidogo aende kliniki iandikwe. Kule Marekani malipo ya ulemavu wa maveterani yanaenda na kuonyesha uliumia ukiwa kazini. Asijifanye simba.

Kobe_wa_Georgia

@Wa_Kaloleni_254 hapa umegonga penyewe, na mimi ningeanza na hili. Dogo wa miaka 22 hatasikiliza kabisa maana vikosini anayeenda kliniki anaitwa legelege, mpaka wanatunga nyimbo. Ila karatasi ni karatasi. Goti langu la kushoto likibadilika hali ya hewa linanijulisha kabla ya redio.

Kuna kifaa pia, breisi ya kifundo inayovaliwa nje ya buti. Imefanyiwa utafiti na inapunguza kuumia kifundo, sio hadithi. Akipewa avae, akiona wenzake hawavai avae tu. Na aache kuringia upepo, kwa miavuli hii kikomo ni kama kilomita 24 kwa saa pale chini, zaidi ya hapo wanaahirisha. Kuna siku mmeshakaa na mikanda masaa manne chini ya jua hamjaenda hata chooni halafu mnaambiwa upepo umezidi vueni rudini kambini. Watu wanalaani. Mimi nilikuwa nalaani pia. Upepo ukishakuangusha chini mwamvuli haulali, unakuburuza kwenye mawe mpaka ufyatue kile kifungo cha begani.

Ngosha_Mpole

Mimi nikisikia parachuti za Wamarekani nakumbuka ile video ya Hamvii, yale magari ya jeshi lao, kule Ujerumani mwaka 2016, gari tatu zinaachia miavuli moja baada ya nyingine zinapiga chini puuu, na aliyekuwa anarekodi anachekelea. Hapo vipi mkuu?

Kobe_wa_Georgia

Hohenfels hiyo 😂 ile ni mizigo, inafungwa tofauti na mtu, usimchanganye mama wa watu. Hakuna aliyeumia ila Hamvii zilikuwa chapati.

Bint_Pongwe

Nimecheka jamani. Asanteni wote, @Wa_Kaloleni_254 ile ya karatasi nimemtumia dogo kama ilivyo, kajibu "sawa dada" na kimoji cha misuli, sijui kama kaelewa.

Mama sasa kabadilisha wimbo, hasemi tena asiende, anauliza hiyo shule ikiisha kuna sherehe? Ndugu anaweza kwenda kuangalia? Tuna shangazi yuko Atlanta.

Kobe_wa_Georgia

Ipo tena nzuri. Wanaruka mara tano ile wiki ya mwisho ndo wanapata wings, zile mbawa za kifuani, na ndugu anaruhusiwa kumbandika mwenyewe kwenye mahafali. Kwa hiyo shangazi ndo mgeni rasmi wenu, Atlanta mpaka Columbus, mji ulio jirani na Fort Benning, ni kama masaa mawili kwa gari. Akitaka kuwaona wanavyoshuka, wanatua ng'ambo ya mto upande wa Alabama, panaitwa Fryar, familia huwa zinaenda na viti vyao. Aende na darubini maana wote wanafanana, na dogo awaambie yuko ndege ya ngapi na mlango upi. Ila shangazi asikate tiketi ya kitu kingine wiki hiyo, mawingu yakishuka au upepo ukizidi wanasogeza siku, Georgia kwa mvua za jioni haitabiriki.